Fissidens, Funaria au Bryum: kigoga gani upeleke darasani?

Kila mwaka, ile wiki ya mada ya uainishaji wa mimea inapokaribia, kuna mwalimu atakayenipigia simu au kunikuta sokoni Mwanga na swali lile lile: "Mwalimu, kigoga nitakipata wapi?" Anamaanisha moss, ule mmea mdogo wa kijani unaotanda kama zulia ukutani au kwenye udongo. Nami humrudishia swali. Unataka kuwauliza nini wanafunzi wako? Maana hapa Kigoma, tangu mvua zinaposhika Novemba mpaka zinapokatika kuelekea Mei, kukipata si kazi. Unatoka nje ya maabara unavikanyaga. Ila kila aina, iwe Fissidens, Funaria au Bryum, ina somo lake, na ukibeba kisichofaa utaishia kubishana na darasa.

Mimi nilishabishana. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliingia na kipande cha zege nilichokibandua pale penye bomba la shule, kimejaa vigoga vyenye rangi kama ya fedha. Ubaoni nilikuwa nimeshaandika, kama kitabu kinavyotaka, kwamba vigoga huishi mahali penye unyevu na kivuli. Msichana wa dawati la pili akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, pale bombani si juani?" Palikuwa juani. Saa saba mchana hupiti pale peku. Nikajibu kitu fulani kuhusu maji yanayovuja, kengele ikaniokoa.

Ilinichukua misimu miwili mitatu kuelewa kilichotokea. Mchoro wa kigoga tuliouzoea vitabuni, wenye majani mafupi chini, kijiti kirefu chembamba, na kichwa kilichoinama juu yake kama mtu aliyesinzia, huo ni mwili wa Funaria. Lakini ile sentensi ya "unyevu na kivuli" inaieleza vizuri zaidi mimea kama Fissidens. Kwa hiyo mwanafunzi anaonyeshwa umbo la mmoja na kuelezwa makazi ya mwingine kana kwamba ni kitu kimoja. Halafu cha tatu, Bryum, ndicho anachokiona kila siku ukutani kwao, na hakifanani vizuri na mchoro wala na sentensi.

Neno kwanza. Kigoga ni jina la kamusi; wengine huandika kuvumwani, lakini neno hilo utalikuta pia likitumiwa kwa lichen, ambayo ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, kitu kingine kabisa. Mtaani watu husema tu "ule ukijani wa ukutani" au "ule utelezi". Na wanafunzi wengi huamini kuwa ni ukungu. Sio. Ni mmea kamili, una klorofili, unajitengenezea chakula. Ila hauna mizizi ya kweli, wala mishipa ya kusafirishia maji kama ya mchikichi au mhindi, wala maua, wala mbegu. Unajishikiza kwa vinyuzi viitwavyo rizoidi, na unazaana kwa spora, chembe ndogo kama vumbi. Duniani kuna spishi zipatazo 12,000 za mimea hii, na hapo sijahesabu jamaa zake wa karibu.

Sasa tuviweke mezani, kimoja kimoja.

Fissidens, kigoga cha korongoni

Hiki ndicho ninachokipenda, kwa hiyo mnisamehe nikikaa hapa muda mrefu.

Ukitaka kukipata, acha ukuta, acha barabara. Shuka kwenye korongo lolote lenye miti linaloelekea ziwani, asubuhi, mvua ikiwa imenyesha jana. Tafuta ukingo wa udongo uliosimama wima, upande usiopigwa na jua, pale ambapo mizizi ya miti inachungulia na udongo haujakauka tangu mvua zianze. Angalia pia chini ya kalvati, mawe yanayorushiwa maji na kijito, na kuta za ndani za kisima cha zamani. Utaona kama vumbi la kijani limelala juu ya udongo. Piga magoti. Hapo ndipo utaona kuwa lile vumbi ni manyoya madogo, mamia, kila moja limelala bapa kana kwamba limepigwa pasi.

Ubapa huo ndio kitambulisho chake. Vigoga vingi hupanga majani yao kuzunguka kijiti pande zote, kama brashi ya kusugulia chupa. Fissidens hupanga majani safu mbili tu, kulia na kushoto, kushoto na kulia, mpaka kileleni. Mwanafunzi akikiona mara ya kwanza atakuambia ni jimbi dogo, yaani fern. Usimkasirikie. Muulize tu: jimbi changa huanzaje? Atakumbuka lile jani lililojiviringa kama mkia wa kinyonga. Hapa hakuna kujiviringa. Geuza jani la jimbi utazame mgongo wake: utakuta vidoa vya spora. Geuza hiki: hakuna kitu, kwa sababu spora zake hukaa kwenye kapsuli iliyosimama juu ya kijiti chake yenyewe. Nimefundisha tofauti ya vigoga na majimbi kwa miaka kadhaa kwa kutumia ubao, na sijawahi kuona ikiingia vichwani kama siku nilipoweka Fissidens na tawi la jimbi kwenye sahani moja.

Kuna jambo la pili, la kutazama kwa lenzi. Kila jani lina ubao wa ziada kwenye nusu yake ya chini, hivyo sehemu hiyo inakuwa kama mfuko wa shati. Mfuko huo unakumbatia kijiti pamoja na kitako cha jani linalofuata juu yake. Fikiria jinsi kitako cha jani la mgomba kinavyolikumbatia lenzake, halafu ulilaze kundi zima bapa. Hakuna jenasi (kundi la spishi zilizo karibu sana) nyingine ya vigoga yenye mpangilio huo, kwa hiyo mwanafunzi akishauona mfuko ana haki ya kutaja jina bila woga. Ni nadra sana kwenye biolojia ya sekondari kumpa mtoto uhakika wa namna hiyo.

Akitaka kuchanganya na mimea-ini (liverworts, jamaa wa karibu wa vigoga) yenye majani, ambayo nayo hulala bapa kwenye ukingo huo huo, mwambie atafute mshipa wa katikati ya jani. Fissidens kwa kawaida inao. Mimea-ini haina.

Jina lenyewe ni la Kilatini na lina maana ya "jino lililopasuka". Kapsuli ya kigoga ikishakomaa na kifuniko chake kikadondoka, mdomo wake unabaki na duara la meno madogo yanayofunguka na kujifunga kadiri hewa inavyokauka au kupata unyevu. Fissidens ina meno 16, na kila jino limepasuka juu kuwa ncha mbili. Aliyeiandika rasmi ni Johannes Hedwig, daktari wa tiba aliyezaliwa mwaka 1730 Transylvania na kufariki Leipzig mwaka 1799. Kitabu chake kikubwa cha vigoga kilitoka mwaka 1801, yeye akiwa ameshazikwa, na mpaka leo majina halali ya vigoga karibu vyote huanzia kuhesabiwa kwenye kitabu hicho. Jenasi yenyewe ni kubwa, spishi mia nne na ushee, na Afrika ina nyingi. Kwa hiyo usijisumbue kutafuta jina la spishi. Ishia kwenye jenasi. Hata mtaalamu atahitaji hadubini na muda.

Ubaya wake? Kigoga chenyewe ni kidogo. Vile vya kwenye kingo za udongo mara nyingi havifiki sentimita moja, na kijiti cha kapsuli nacho ni kifupi. Ukikishika juu mbele ya wanafunzi 60, wa dawati la tatu kwenda nyuma wanaona kidole chako tu. Na msimu ukibadilika ndipo utajua hujui: Julai ukirudi pale pale korongoni unakuta udongo mtupu na nywele kavu zilizojikunja.

Funaria, kigoga cha majivu

Jina kamili ni Funaria hygrometrica, na makazi yake yatakushangaza kama ulikariri ile sentensi ya kivuli. Inapenda mahali palipochomwa moto. Palipokuwa na tanuru la mkaa, mvua zikishanyesha, udongo ule mweusi uliochanganyika na majivu huvaa zulia la kijani kibichi, kisha zulia likaota maelfu ya vijiti vya rangi ya dhahabu na wekundu. Mahali peupe, juani. Inakaa mwaka, labda miwili, halafu nyasi na magugu yakishika eneo inatoweka.

Mara ya kwanza niliifuata kwenye tanuru la zamani, nje kidogo ya njia ya Kasulu. Nikamkuta mwenyewe ameketi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Hapana mzee. Naomba kuchukua kidogo haya majani mafupi, pale ulipochomea mwaka jana."

Akayatazama, akanitazama. "Hayo hata mbuzi hawali, mwalimu. Kama unataka majivu ya bustani ya mchicha, sema."

Nikamwonyesha. Nilichuma kijiti kimoja kikavu, nikaloanisha kidole na kukigusa. Kile kichwa kikaanza kuzunguka chenyewe, taratibu. Mzee akacheka, akaomba nirudie. Ndiyo maana ya jina: Funaria inatokana na neno la Kilatini la kamba, kwa kuwa kijiti hujisokota kikikauka na kujisokotoa kikipata unyevu, hygrometrica ni kipima unyevu. Onyesho hilo linafanyika kwa pumzi tu ukikiweka karibu na mdomo. Halihitaji umeme wala kemikali, na kwa shule zetu hilo si jambo dogo.

Kwa kuchora, hakuna cha kushindana nayo. Kijiti chake kinafika sentimita 2 mpaka 5, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo hata wa nyuma anaona. Kapsuli ni nene, umbo la peasi, imeinama upande. Changa bado ina kofia yenye mdomo mrefu; ukiivuta kwa kucha inatoka nzima, na chini yake kuna kifuniko, na chini ya kifuniko kuna meno. Gametofiti, kizazi chenye viungo vya kiume na vya kike, ni yale majani ya chini; sporofiti, kizazi kinachotoa spora, ni kijiti na kichwa, na mwanafunzi anaweza kuvitenganisha kwa vidole viwili. Na kwa kuwa viungo vya kiume na vya kike viko kwenye mmea mmoja, karibu kila zulia utakalokuta lina kapsuli.

Ukiwa na hadubini inashinda tena. Jani lake ni la seli kubwa, tabaka moja kwa sehemu yake kubwa, na kloroplasti, vile vichembe vyenye klorofili, zinaonekana kama punje za choroko ndani ya chupa. Huhitaji kukata wala kupaka rangi. Tone la maji, kioo cha juu, basi.

Kasoro yake ni kuwa huipangii. Mwaka huu iko, mwakani haipo. Na kubeba kwake kunataka adabu: chukua kipande pamoja na udongo wake, kiweke kwenye boksi pana, usipange kimoja juu ya kingine. Vijiti vikishasokotana ndani ya mfuko wa plastiki utafika na kitu kama uzi wa kufumia uliochezewa na paka.

Bryum, kigoga cha bombani

Hapa nitakuwa mfupi. Bryum argenteum ndiyo ile iliyoniaibisha. Iko kwenye nyufa za saruji, kingo za barabara, matofali ya ukuta, karibu na bomba na simtanki zinazovuja. Iko kila bara, hadi Antaktika. Vijiti vyake ni vifupi, majani yamebanana kama magamba, na ule weupe wa fedha unatokana na seli za ncha za majani ambazo hazina klorofili. Ikikauka inang'aa; ukiimwagia maji, fedha inafifia na kijani kinatokea darasa likitazama.

Inafaa kwa swali moja: mmea usio na mizizi unawezaje kuishi kwenye saruji ya moto? Kwa hilo ni nzuri sana. Kwa kuchora sporofiti usiitegemee, maana dume na jike ni mimea tofauti na mara nyingi utakuta kundi zima halina kapsuli hata moja. Linajieneza kwa vipande vinavyobanduka na kubebwa na miguu ya watu. Lakini kama umeshtukizwa, kipindi ni saa tatu na saa mbili bado uko kwenye chai, kisu kidogo na kona ya bomba vitakuokoa. Futa tu ile sentensi ya kivuli ubaoni kwanza.

Kuhusu Marchantia, ule mmea-ini bapa kama ngozi ya chura: ulikuwa ukiwekwa kundi moja na vigoga chini ya Briofita, na vitabu vingi bado vinafanya hivyo. Siku hizi wataalamu huvigawa makundi matatu: vigoga, mimea-ini na mimea-pembe. Ukiukuta uchukue, lakini usiuite kigoga.

Uchague kipi

Kama somo lako ni muundo, sehemu za mmea, kizazi cha gametofiti na cha sporofiti, nenda kwa Funaria, hata kama ni mwendo wa saa moja na nusu. Muda mzuri ni nusu ya pili ya mvua, kapsuli zikiwa nyingine kijani na nyingine kahawia, upate hatua zote.

Kama somo ni makazi, au kwa nini mimea hii inahitaji maji ili izaane, chukua Fissidens. Mbegu za kiume za kigoga huogelea. Bila utando wa maji juu ya mmea hazifiki kwenye yai. Hilo linaeleweka ukiwa umesimama korongoni na viatu vimelowa, na ndiyo sababu mimi siku hizi nawapeleka wanafunzi kule badala ya kuwaletea. Na kama ni kulinganisha na majimbi, nimeshasema.

Ukitaka cha kukaa nacho mwaka mzima, Fissidens tena. Kipande kama kiganja cha mtoto pamoja na udongo wake, kwenye chupa pana ya kioo, kifuniko kimelegezwa, dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Nyunyizia maji ya mvua kidogo pale kioo kinapoacha kutoa jasho. Cha kwangu cha kwanza nilikiua kwa mapenzi: nilikiweka juani nikidhani kinahitaji mwanga, kikapikwa mchana mmoja. Cha pili kilivuka kiangazi chote. Funaria kwenye chupa huoza au hurefuka vibaya, sikushauri.

Swali la lenzi huulizwa sana. Ya mkono ya mara kumi inatosha kwa vyote vitatu. Ukikosa, dondosha tone dogo sana la maji juu ya kioo cha kamera ya simu na uishushe taratibu juu ya kielelezo. Tone linafanya kazi ya lenzi. Uwe mwangalifu na simu isiyovumilia maji, na usiombe simu ya mkuu wa shule.

Kwa wenzetu wa Tabora hesabu inabadilika kidogo. Kiangazi kule ni kirefu na kikavu, na makorongo yenye kivuli cha kudumu si mengi kama huku mteremkoni kwetu. Fissidens itafuteni kwenye visima, kalvati, na udongo wa chini ya miembe mikubwa ile ya zamani, upande wa kivuli, Januari hadi Machi. Lakini Funaria kwenu ni ya kufuata moto: matanuru ya mkaa, mahali palipochomwa taka, na vitalu vya tumbaku kwa wale wanaochoma matawi juu ya tuta kabla ya kusia mbegu. Ningekuwa Tabora ningeanza na hiyo na wala nisingehangaika na korongo.

Mambo mawili ya kuchuma. Usichume ndani ya Gombe wala Mahale. Hizo ni hifadhi za taifa, na kigoga ni mmea kama mwingine. Bila kibali hutoi hata kipande. Makorongo ya nje ya hifadhi yapo ya kutosha. Na popote unapochuma, chukua kiasi cha kiganja na uache kilichobaki. Ukingo wa udongo uliokwanguliwa wote hubomoka mvua inayofuata, na mwakani hutakuta kitu.

Pili, achana na chupa za formalini, ile dawa ya kuhifadhia vielelezo. Tulizo nazo maabara zina vitu vyeupe ambavyo hata aliyeviweka hawezi kusema ni nini. Kigoga kikaushe ndani ya bahasha ya karatasi, andika tarehe na mahali, kiweke kabatini pakavu. Miaka ikipita utakitoa, utakilowesha, na majani yatajinyoosha yakaonekana kama siku ulipokichuma. Hakitakuwa hai, lakini mfuko wa Fissidens utauona, na meno ya Funaria utayahesabu.

Mimi ninazo bahasha nane sasa, tano za korongo lile lile. Za majivu ni mbili tu. Tanuru la yule mzee limeshaota nyasi mpaka magotini, kwa hiyo msimu huu itabidi nimfuate tena, nimwamkie, nimuulize mwaka jana alichomea wapi.